Kabla hujaacha wali na boflo

Ukishaamua kupunguza wanga, usianze kesho asubuhi. Jipe siku mbili tatu uweke mambo yako sawa, maana wiki za mwanzo mizani itakupandisha na kukushusha kama boti ya Pemba msimu wa kusi, na asiyejiandaa atatapika njiani.

Dawa kwanza. Kama unachoma insulini, au unameza vidonge vya sukari kama glibenklamidi, au vya presha, mwone daktari wako kabla, siyo baada. Dozi yako alipangiwa mtu anayekula wali mchana na mkate usiku. Vikiondoka hivyo, dozi ile ile inakuwa kubwa. Mtaani kwetu kuna mzee aliacha wali, vidonge akaendelea navyo kama kawaida. Siku ya tatu tukamkuta barazani kijasho kinamtiririka, mikono inatetemeka, anamwita mjukuu wake kwa jina la marehemu kaka yake. Glasi ya maji ya sukari ndiyo iliyomrudisha. Na wewe mjamzito, unayenyonyesha, au mwenye maradhi ya figo, usianze jambo hili kwa kunisoma mimi.

Jua wanga ni kitu gani. Muhogo ni wanga. Majimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, shelisheli, tambi, uji, urojo na mazagazaga yake yote, ni wanga. Nimeshamwona mtu anasukuma sahani ya wali kwa mikogo, halafu anamaliza bakuli zima la muhogo wa nazi.

Waambie wa nyumbani mapema. Sisi tunakula sinia moja, na ukianza kuchagua chagua bila kusema, mama mkwe atadhani umesusa chakula chake. Sema kabla, kisha hakikisha kuna samaki, mayai, mchicha au bilingani ya kutosha, usije ukakaa mbele ya sinia unanyonya ndimu.

Sasa mizani. Iweke kwenye sakafu tupu. Juu ya busati au zulia inadanganya. Mie wiki nzima nilikuwa nikipima juu ya zulia la chumbani. Pima alfajiri, umeshatoka chooni, hujaonja hata chai, nguo nyepesi ile ile. Nunua na utepe wa fundi cherehani, ujipime kiuno usawa wa kitovu kabla ya siku ya kwanza, na uandike. Dera si kipimo. Dera linamstahi kila mtu.

Hayo yote utaambiwa na yeyote. Hili linalofuata mie sikuambiwa.

Nilianza mwezi wa Shaabani, harusi zimebanana kabla ya Ramadhani na joto la kaskazi limewaka. Siku ya kwanza mizani ilisoma kilo 84.6. Siku ya sita, 81.9. Kilo mbili na pointi saba! Nikapiga picha ya mizani, na vidole vya miguu vikaonekana, nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nikapewa makofi, nikaulizwa siri, na siri nikaitoa kama mtaalamu.

Ijumaa yake kulikuwa na harusi Bububu. Nilikula biriani sahani moja, ya heshima lakini moja, na juisi ya ukwaju, na halwa kidogo kwa sababu bibi harusi ni mtoto wa shangazi. Jumamosi alfajiri nikapanda mizani: 83.8. Nikashuka, nikapanda tena. 83.8. Kilo moja na pointi tisa kwa usiku mmoja. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia, mtu mzima na meno yangu.

Nikajihukumu mwenyewe. Kula mara moja kwa siku, magharibi. Chumvi marufuku, maana nilisikia inajaza maji mwilini. Maji yenyewe nikayapunguza. Jumapili ikasoma 82.7, Jumatatu 82.0, nikasema naam, dawa imeingia. Kichwa kilikuwa kinagonga tangu Jumapili mchana, nikakisingizia joto. Usiku wa Jumatatu shavu la mguu likakakamaa kwa maumivu. Nikainuka haraka kwenda chooni, giza likanijia machoni, na nilichosikia baadaye ni mlio wa ndoo niliyoiangukia.

Wifi yangu ni muuguzi, anakaa nyumba ya pili. Alikuja na kanga kichwani na kipimo cha presha mkononi. Akanipima nimekaa, akanipima nimesimama, presha ikaanguka. Hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Chumvi umeila lini mara ya mwisho?" Nikamwambia Ijumaa. Akatikisa kichwa, akaingia jikoni, akarudi na bakuli la mchuzi wa changu uliotiwa chumvi na ndimu, akakaa mpaka nikaumaliza.

Kisha akachukua daftari la hesabu la mwanangu, akaandika nyuma yake. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, inaitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 mpaka 500, na kila gramu moja inashika maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Tena wanga ukipungua, insulini nayo inashuka, na figo zinaachia chumvi, na chumvi haiondoki bila maji. Mie sasa, mwili umeshaanza kumwaga chumvi, na joto lile linanitoa jasho, nikaufungia na ile kidogo ya kwenye chakula.

Halafu akapiga hesabu ya biriani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ili ninenepe kilo moja na pointi tisa za mafuta, ningehitaji kula karibu kalori 15,000 zaidi ya mahitaji yangu ya siku. Sahani ya harusi, hata mpakuzi awe mkarimu vipi, haifiki robo ya hapo. "Hujanenepa wewe," akasema. "Akiba imejaa, na maji yamerudi nayo. Na chakula chenyewe bado kimo tumboni, nacho kina uzito."

Nikafurahi. Kisha nikauliza, na zile mbili na pointi saba za mwanzo je? Akaniangalia tu. Nazo nyingi zilikuwa maji. Hapo ndipo paliponiuma kuliko ile ndoo, kwa vile picha ilikuwa imeshafika mpaka Muscat.

Basi kabla hujaanza, ile furaha ya siku saba za mwanzo ihesabu kuwa ni mkopo. Andika uzito wa kila siku ukipenda, lakini usiuhukumu wa siku moja. Jumlisha siku saba, gawa kwa saba, ulinganishe na wiki iliyofuata. Wastani wa wiki ndio wenye habari, na wa wiki ya kwanza usiutegemee sana. Mie ilinichukua mpaka wiki ya nne kuona utepe umesogea, na wakati huo mizani ilikuwa imegoma siku tisa nzima.

Wanawake, siku chache kabla ya hedhi mwili hushika maji, kilo inaweza kupanda bila kosa lolote. Papa mkavu na achari vinapandisha. Choo kikigoma siku mbili, kinapandisha, na kwenye chakula hiki kinagoma, kwa hiyo mboga za majani zisikosekane. Maji kunywa kwa kiu yako. Chumvi usiikimbie, isipokuwa una presha au figo, hapo fuata la daktari. Dafu lina potasiamu, ni kweli, lakini lina sukari pia, usilihesabu kama maji.

Ukisimama kizunguzungu kikakujia, kaa chini, usijikaze. Kikiendelea, nenda hospitali. Usianze wiki yenye harusi, wala mkesha wa Ramadhani. Usipime baada ya safari ya mchana kutwa kwenye daladala, miguu imevimba. Usiwasikilize wa kundini. Picha za mizani usirushe. Na ukialikwa Ijumaa, nenda, kula uliyopakuliwa, ila mizani ifungie kabatini mpaka Jumanne, na ufunguo mpe wifi.