Somo: Kuchagua kompresheni ya injini ya turbo, kwa gari la Kampala

Wateja wangu huanza na busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukumia ndani ya injini. "Fundi, nataka bar moja na nusu." Mimi huuliza kwanza: asubuhi unapita wapi? Akisema Jinja Road, najua turbo yake italala nusu ya siku, na gari litasukumwa na kompresheni tu. Kompresheni ni uwiano: ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, gawa kwa ujazo unaobaki ikiwa juu kabisa. Mafundi wa zamani walishusha hadi 7.5 wakaita usalama. Kwenye foleni gari la namna hiyo ni zito kama trekta.

1. Anza na mafuta. Petroli yenye okteni ndogo huwaka yenyewe kabla ya wakati ikibanwa na kupashwa moto. Hapo ndipo injini inagonga, na kugonga hukata ukingo wa pistoni. Chagua kwa mafuta utakayoweza kuyapata hata ukiwa safarini, si yale ya kituo kimoja cha mjini.

2. Linganisha na busti. Kwa injini inayopuliza petroli kwenye manifoldi (bomba la kuingiza hewa), yenye intakula nzuri (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) na busti ya bar 0.7 hadi 1.0, mimi hukaa kati ya 8.5 na 9.0. Injini isiyokuwa na turbo tangu kiwandani, yenye 9.5, inaweza kuvumilia bar 0.4 au 0.5 ukirudisha nyuma taimingi, yaani wakati plagi inapowasha. Injini mpya zinazopuliza petroli ndani ya silinda hufika 10, kwa sababu petroli ile hupoza hewa humo humo. Usiige namba zao.

3. Pima. Usiamini kitabu. Mwaka jana nilinunua 3S-GTE iliyotumika, injini ya turbo ya Toyota ya lita mbili, kitabu kinasema 8.5. Silinda hedi yake ilishachongwa, sijui mara ngapi. Nilichukua kipande cha plastiki angavu chenye tundu, nikapaka grisi ukingoni, nikafunika chemba (nafasi ya kuwakia petroli kwenye hedi) huku valvu na plagi zikiwa mahali pake. Kisha mafuta ya taa yaliyotiwa rangi, kwa sirinji ya famasi, hadi kiputo cha mwisho kikatoka kwenye tundu. Andika cc zilizoingia.

Kwa pistoni, ishushe milimita 10 kutoka juu kabisa, ziba ringi kwa grisi, jaza vilevile. Silinda ya milimita 86 ingemeza cc 58.1 kama pistoni ingekuwa bapa na kufika sawa na uso wa bloku. Kinachozidi ni shimo la pistoni. Ongeza ujazo wa gasketi iliyobanwa. Jumla yangu ilikuwa cc 62. Silinda moja ni cc 500, kwa hiyo 500 gawa kwa 62, jumlisha 1: 9.06. Ningeweka humo busti ya injini yenye kompresheni ya 8.5, ningelia.

4. Rekebisha kwa pistoni. Namba isipofaa, weka pistoni zenye shimo la ukubwa unaotakiwa. Ghali, ndiyo.

Maswali

*Mbale:* Mzee, geji yangu ya kompresheni inasoma psi 150. Hiyo ni 10:1, siyo?

Hapana. Geji inapima presha, na presha inategemea kemu (shafti inayofungua valvu), ringi, betri, hata mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Injini ile ile husoma chini kuliko Mombasa. Tumia geji kulinganisha silinda na silinda, basi.

*Entebbe:* Nikiweka gasketi mbili kushusha kompresheni?

Usifanye. Pistoni ikifika juu inatakiwa ibaki kama milimita moja tu na sehemu bapa ya hedi, ili isukume hewa kuelekea kwenye plagi. Ukiongeza gasketi unaua msukumo huo. Namba inashuka na injini bado inagonga. Nimeona pistoni za hivyo, zimetafunwa pembeni kama mkate uliopitiwa na panya.

*Malaba:* Gari halijawahi kugonga Kampala. Nalipeleka Mombasa mwezi ujao, niguse kitu?

Ndiyo, ndugu. Geji ya busti inahesabu juu ya hewa iliyopo. Kampala hewa ni kama bar 0.88, ukiongeza 1.0 unapata 1.88. Pwani utapata 2.01, na joto juu yake. Kama kompresheni yako ni 9.0, shusha busti hadi 0.85 kabla ya kuteremka, na chukua bisibisi ya kuirudisha ukifika nyumbani.