Mafunzo ya usimamizi kwa wataalamu wa afya ya jamii: anza na tatizo, ratiba baadaye

Ukipewa kazi ya kuandaa mafunzo ya usimamizi kwa watu wa afya ya jamii, ratiba iwe kitu cha mwisho kuandika. Najua inavyokuwa: mwenye ukumbi anataka jibu, mfadhili anataka kuona mada, barua za mwaliko zinasubiri saini. Basi jedwali linajazwa haraka haraka. Siku ya kwanza uongozi, ya pili bajeti, ya tatu mawasiliano, ya mwisho vyeti na picha ya pamoja. Kwa miaka niliyokaa kwenye uwezeshaji, sijaona jedwali la namna hiyo likibadilisha kitu. Mshiriki anarudi kazini na begi jipya, na kituo kiko vile vile alivyokiacha.

Kumbuka unamfundisha nani. Hawa si watu wasiojua kazi. Wanajua epidemiolojia, yaani jinsi magonjwa yanavyoenea kwenye jamii, wanajua maabara, wanajua chanjo gani inatolewa mtoto akiwa na wiki ngapi. Kisha mtu anapandishwa cheo kwa sababu ya utaalamu huo, na anakabidhiwa bajeti, magari, ghala na watumishi, vitu ambavyo chuoni hakuwahi kuvigusa. Na sayansi peke yake haiendi mbali. Chanjo ya ndui ilikuwepo tangu Edward Jenner mwaka 1796, lakini ugonjwa ulitangazwa kutokomezwa mwaka 1980 tu. Kampeni iliyoimarishwa kuanzia 1967 ilikuwa na chanjo bora zaidi na sindano mpya yenye ncha mbili, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya ushindi ule ilikuwa usimamizi: taarifa za kila wiki, ukaguzi wa ubora wa chanjo, na timu zilizofuata kila mgonjwa na kuwachanja waliomzunguka.

Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya mafunzo, omba kila kituo au ofisi ilete tatizo moja na timu ya kulishughulikia. Nasema timu kwa makusudi. Mratibu wa chanjo akija peke yake, akirudi atakuwa mgeni mwenye maneno mapya. Aje na mtu wa takwimu na mtunza ghala. Mkuu wao naye aweke saini kwamba ameliona tatizo na atawapa muda wa kulifanyia kazi. Bila saini hiyo mimi huwa siwapokei, hata kama nafasi zipo. Utaratibu huu si mpya: CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, ilianzisha mwaka 1992 programu ya kuwajengea watu wa afya ya jamii wa nchi mbalimbali uwezo wa usimamizi, na kiini chake kilikuwa hicho hicho cha timu kujifunza kwa kufanyia kazi tatizo lake lenyewe.

Siku ya kwanza yote itaishia kwenye sentensi moja: sentensi ya tatizo. Usione aibu kuitumia siku nzima. Timu nyingi huja na suluhisho lililovaa nguo za tatizo. “Tatizo letu ni ukosefu wa gari.” “Tatizo letu ni upungufu wa watumishi.” Ukiandika hivyo umeshajijibu, na jibu liko mikononi mwa mtu mwingine. Waulize: gari likija kesho, ni namba gani itabadilika? Hapo ndipo wanaanza kufungua rejista.

Tuseme rejista inaonyesha watoto 480 walipata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya kukinga magonjwa matano, mwaka jana, na 384 wakapata ya tatu. Waliopotea njiani ni 96, yaani asilimia 20. Kwa kawaida ikizidi asilimia 10 inahesabiwa kuwa kuna tatizo. Sasa sentensi inaandikika: “Mwaka jana, watoto 96 kati ya 480 walioanza Penta kituoni kwetu hawakupata dozi ya tatu.” Ina nani, wapi, lini, kiasi gani. Haina sababu na haina lawama. Neno “uzembe” likionekana humo, futa.

Timu za magonjwa ya mlipuko zina njia ya mkato. Kuna lengo la 7-1-7 lililopendekezwa mwaka 2021: mlipuko ugundulike ndani ya siku 7, uripotiwe ndani ya siku 1, na hatua za mwanzo ziwe zimekamilika ndani ya siku 7 zinazofuata. Wachukue mlipuko wao wa mwisho, wahesabu siku, waone palipochelewa.

Siku ya pili ni ya visababishi. Mchoro wa mfupa wa samaki wa Mjapani Kaoru Ishikawa, ambao tatizo huwa kichwa na visababishi huwa mifupa, unafaa kwa kumwaga mawazo yote ukutani, ila peke yake huzaa orodha ndefu isiyo na mwisho. Uchukue mfupa mmoja uufuate kwa swali la “kwa nini” hadi ufike mahali ambapo timu inaweza kugusa. Kwa wale wa Penta inaweza kwenda hivi. Kwa nini watoto hawakumaliza? Baadhi walikuja, wakaambiwa warudi siku nyingine. Kwa nini? Siku hiyo watoto walikuwa wachache na mhudumu hakutaka kufungua chupa ya dozi 10. Kwa nini? Anaogopa kuandikiwa upotevu wa dozi. Kwa nini anaogopa? Ripoti ya mwezi ina nafasi ya dozi zilizopotea, haina nafasi ya watoto waliorudishwa nyumbani.

Hapo mkufunzi anyamaze kidogo, waone wenyewe. Gari halimo kwenye mnyororo huo hata kidogo. Kilichomo ni fomu, pamoja na kanuni isiyoeleweka vizuri. Chupa ya Penta ya maji, kwa sera ya Shirika la Afya Duniani, inaweza kuendelea kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, mradi imetunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, alama ya chupa inayobadilika rangi kwa joto haijafika kiwango cha kutupa, na masharti mengine yamezingatiwa. Chanjo ya surua, ambayo ni unga, ikishachanganywa na kimiminika chake haina ruhusa hiyo. Hutupwa baada ya saa 6 au kikao cha chanjo kinapoisha, chochote kitakachotangulia. Mhudumu anayeichukulia Penta kama surua anabana chupa bila sababu. Marekebisho yake ni maelekezo ya ukurasa mmoja, tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa, na safu moja iongezwe kwenye rejista.

Mada nyingine ziwekwe pale zinapohitajika tu. Bajeti ifundishwe timu inapokuwa na shughuli za kugharamia, si kabla. Ugawaji wa majukumu huchukua saa moja: kila shughuli jina moja, sio “wote”. Mihadhara iishe kabla ya saa sita mchana, na mchana kila mtu arudi kwenye tatizo lake.

Kisha miezi minne hadi sita kazini, na hiki ndicho kipande ambacho bajeti nyingi hukikata kwanza. Mimi ningekata siku mbili za ukumbini kabla ya kukigusa. Kila mwezi timu itume grafu ya mstari mmoja wa kiashiria chake, na mwezeshaji apige simu au atembelee akiwa na swali moja tu: mlijaribu nini, mstari ukafanya nini? Dodoso la “je, umefurahia mafunzo?” liweke kando. Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika kuhusu kupima mafunzo, alitenganisha ngazi nne za kupima mafunzo mwaka 1959, na hilo dodoso ni ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna kujifunza, kubadili utendaji, na matokeo.

Mwishoni ziite timu zote pamoja, wakuu waliotia saini wakae mstari wa mbele. Kila timu ipate dakika kumi: sentensi ya tatizo, grafu, walichobadilisha. Timu ambayo mstari wake haukusogea ipewe muda ule ule na isiwekwe mwisho watu wakiwa wameshachoka. Mara nyingi kikwazo chake ni kibali ambacho hakikutolewa, na aliyetakiwa kukitoa yuko pale pale mbele.