Kutafuta kichanga cha familia ya Kiyahudi kilichozikwa Nakuru

Usianze makaburini. Wanaonipigia simu kutoka ng'ambo, wakimtafuta dada au kaka aliyefariki akiwa kichanga hapa Nakuru enzi za mkoloni, hutaka niende makaburi ya Nakuru North moja kwa moja nikapige picha. Nitapiga picha za mawe ya watu wengine tu. Kwa desturi ya Kiyahudi ya zamani, mtoto asiyetimiza siku 30 hakukaliwa matanga ya siku saba wala kusomewa Kaddish, sala ya kuwaombolezea wafu, na mara nyingi kaburi lake halikuwekwa jiwe. Wazazi waliambiwa Mungu atawapa mwingine, basi. Siwashangai, hata kwetu Vihiga kichanga kilizikwa na kina nyanya nyuma ya nyumba na jioni watu wakala kama kawaida.

Tafuta wazazi kwanza. Wakimbizi waliokuja kutoka Ujerumani miaka ya 1930 wengi wao walisimamia mashamba ya watu, kwa hiyo uliza jina la shamba na la mwenye shamba, si "Nakuru" tu. Uliza pia baba alikuwa wapi. Septemba 1939 vita vilipoanza, wanaume wenye pasipoti za Kijerumani walizuiliwa na serikali ya kikoloni, Wayahudi wakiwemo. Huenda mama alizika peke yake, au alizikiwa na wageni.

Gazeti Rasmi la Kenya la miaka hiyo liko mtandaoni. Pitia matangazo ya walioomba uraia na ya mirathi. Andika jina kwa kila namna: Schwarz, Schwartz, Swartz. Karani aliandika alichosikia.

Ndipo uende kwa msajili wa vizazi na vifo. Usiulize jina la mtoto. Huenda hakupewa, au kama ni mvulana alitahiriwa na kupewa jina wakati wa kuzikwa, serikali isijue. Omba watafute kwa jina la baba, mwaka mmoja nyuma na mmoja mbele. Na wasiishie kwenye vifo: sheria yetu inamhesabu kuwa kizazi hata aliyezaliwa mfu, mradi mimba imepita wiki 28. Karani mmoja aliniambia, "Mama, huyo mtu hayuko," kumbe alifungua kitabu cha vifo peke yake. Kwenye vizazi alikuwepo: jina la baba, shamba, msichana, na pale pa jina lake karani wa zamani amevuta kistari cha wino.

Tarehe ikipishana kwa siku moja na ile ya familia, usiitupe. Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama.

Ukipata kitu, tafadhali, usimtumie mzee picha kwa WhatsApp usiku. Mpigie mtoto wake kwanza, ujue nani atakuwa karibu naye. Mama mmoja wa miaka tisini na kitu hakuuliza kaburi. Aliuliza kama waliandika uzito. Hawakuandika, nami nikamwambia hivyo hivyo. Usibuni la kumfariji.

Kaburi lisipopatikana, familia izungumze na rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Siku hizi marabi wengi huruhusu mtoto apewe jina na asomewe Kaddish hata baada ya miaka mingi. Likipatikana, makaburi ya umma yako chini ya kaunti, kwa hiyo ulizia kibali huko kabla hujampa fundi wa mawe hata shilingi.