Mimba hukuipanga? Usingoje tumbo lionekane

Dada, kipimo cha mkojo kikitoa mistari miwili, kabla hujafikiria utamwambia nani, andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia hapo, si siku mliyokutana, kwa hiyo ukichelewa hedhi tu, tayari una wiki 4 na ushee. Hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito linatakiwa kabla ya wiki 12 kwisha. Muda wenyewe ni mfupi.

Kwa hapa Tanzania, zahanati au kituo cha afya cha serikali hakikulazimu uwe na miadi. Fika asubuhi na mapema, uliza mapokezi wajawazito wapya wanaandikishwa siku gani.

Kinachowakwamisha wengi ni lile swali, "Mwenzako yuko wapi?" Wahudumu wanataka mje wote, mpime VVU pamoja. Kama hayupo, au ameikana mimba, pitia kwanza serikali ya mtaa uombe barua inayoeleza hivyo, maana baadhi ya vituo huidai. Ukiikosa, usigeuze kurudi nyumbani kimyakimya. Omba kumwona muuguzi mfawidhi, umwambie, "Nimekuja peke yangu, naomba kuhudumiwa." Kuja na mwenza kunahimizwa, ila si sababu ya kukunyima huduma.

Maumivu makali chini ya kitovu, hasa upande mmoja, kizunguzungu au damu kutoka: hapo usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.