Begi la kujifungulia: namna ya kulipanga kwa mama wa Mtwara na Lindi

Mwenye kupanga begi la kujifungulia ni mama mjamzito, lakini siku linapofunguliwa yeye huwa amekwisha kupanda kitanda cha leba, na anayelifungua ni mama mkwe, wifi, shangazi au mkunga wa zamu ambaye hajui kitu gani kimewekwa wapi. Nililielewa jambo hili usiku nilipomsindikiza mdogo wangu katika hospitali moja ya wilaya. Umeme ulikuwa umekatika, mkunga akaomba khanga ya kumpokelea mtoto, nami nikamwaga kila kitu sakafuni na kuanza kupekua kwa mwanga wa simu, kumbe khanga zilikuwa chini kabisa, zimelaliwa na nguo za kurudia nyumbani. Mtoto alipokelewa kwa khanga niliyokuwa nimejitanda mabegani. Tangu siku hiyo, kila ninayemsaidia kupanga begi humwambia alipange kwa ajili ya mtu mwingine, si kwa ajili yake mwenyewe.

Begi liwe tayari mimba inapofikisha wiki 34, na lisivuke wiki ya 36, kwa sababu wapo watoto wasiosubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Katika mikoa yetu lipo na suala la njia. Mvua zinaponyesha kati ya Desemba na Aprili, barabara nyingi za vijijini hupitika kwa shida, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko, hata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika upande wa Somanga. Isitoshe, mama anayetarajia kujifungulia kituo cha afya cha karibu anaweza kupewa rufaa ghafla, wa Newala akajikuta hospitali ya Ligula mjini Mtwara, wa Liwale akajikuta hospitali ya Sokoine mjini Lindi, mbali na ndugu ambaye angetumwa nyumbani kufuata kilichosahaulika.

Chagua begi la zipu au kikapu cha ukili chenye mfuniko, kinachobebeka kwenye bodaboda bila kumwaga vitu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo funga vitu vyako kwa vitambaa. Gawa vitu katika vifurushi vitatu, yaani cha leba, cha mama baada ya kujifungua na cha mtoto, kisha kila kifurushi kifunge kwa khanga ya rangi yake au kibandike karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Cha leba kikae juu.

Katika kifurushi cha leba, kitu cha kwanza ni khanga, na hapa ninawaomba akina mama wasione aibu kubeba za zamani. Khanga mpya kutoka dukani ina wanga, ni ngumu na hainyonyi maji, ilhali iliyofuliwa mara nyingi ni laini na hukausha vizuri. Beba 6 hivi, zilizofuliwa kwa sabuni, zikaanikwa juani na kupigwa pasi pande zote mbili. Mbili kati ya hizo ziwe za mtoto peke yake: ya kwanza ni ya kumkaushia mara tu anapozaliwa, na hiyo huwekwa kando kwa kuwa imelowa, ya pili ni ya kumfunika akiwa amelazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Hizo za mtoto ziwe na rangi nyepesi, ili kitovu kikivuja damu ionekane mapema. Zinazobaki ni za mama kutandika, kujifunga na kujifunika.

Kwa mujibu wa sera ya afya, huduma za kujifungua katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, lakini vifaa huweza kupungua, na familia ikaambiwa ivinunue saa ambayo maduka ya dawa yamefungwa. Kwa hiyo, katika mahudhurio ya kliniki ya mwezi wa nane wa mimba, muulize mkunga kituo chake kinahitaji uje na nini. Kwa kawaida utatajiwa mpira wa kutandika kitandani, glovu zilizofungwa, pamba, kibanio cha kitovu na wembe mpya ambao haujafunguliwa. Dawa ya sindano ya kuzuia damu isitoke kwa wingi, iitwayo oksitosini, usiinunue ukaiweka nyumbani, kwa sababu hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kwa joto letu la pwani huharibika ikiwa kabatini. Vilevile, dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisiingie katika begi hili wala katika chupa ya chai. Ninaheshimu sana mafunzo tunayopata kwa bibi na makungwi wetu, lakini dawa hizo huweza kuubana mfuko wa uzazi kwa nguvu hata ukapasuka, na mama na mtoto wakapotea pamoja.

Kifurushi cha pili kikadiriwe kwa siku moja au mbili, kwa kuwa mama aliyejifungua salama hutakiwa kubaki chini ya uangalizi kwa angalau saa 24, na aliyefanyiwa upasuaji hukaa siku kadhaa zaidi. Weka pedi kubwa pakiti 2, chupi za pamba zisizobana, gauni 2 zinazofunguka mbele ili kunyonyesha kuwe rahisi, kandambili, mswaki, sabuni na taulo. Msindikizaji aelezwe mapema kwamba pedi moja ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, amwite mkunga papo hapo. Beseni, kopo na ndoo yenye mfuniko vibebwe kando, na kwa ndugu zetu wa uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa tabu tangu zamani, dumu la maji safi ni la lazima. Ongeza chupa ya chai kwa ajili ya uji, kikombe na kijiko. Lakini kabla ya kumpa mama chochote, muulize mkunga, kwani anayeandaliwa upasuaji hatakiwi kula.

Mtoto hahitaji vingi. Nguo 3 au 4 zilizofuliwa, kofia, soksi, nepi za kitambaa au pampasi, shali na chandarua ulichopewa kliniki vinamtosha. Sabuni yake ibaki nyumbani, kwa sababu haogeshwi kabla ya saa 24 kupita. Wanja, poda, mafuta ya kupaka kitovuni na chupa ya maziwa havina kazi: kitovu huachwa kikavu, na mtoto hupewa ziwa ndani ya saa ya kwanza.

Mfuko wa nje wa begi ni wa karatasi: kadi ya kliniki, yenye kundi la damu na majibu ya vipimo, kadi ya bima kama ipo, na kitambulisho cha taifa, kwani majina yaliyoandikwa vizuri kwenye tangazo la kizazi hurahisisha kupata cheti cha kuzaliwa. Anayetumia ARV aweke dawa zake humo. Weka pia tochi, chaja ya simu, noti ndogo ndogo za nauli, na karatasi yenye namba za ndugu wawili walio tayari kuchangia damu.

Begi likishafungwa, liweke karibu na mlango, kisha mwite atakayekusindikiza alifungue mwenyewe na kutaja kila kilichomo. Kwenye karatasi ile ya namba, andika juu kabisa 115, namba isiyo na malipo ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Ukitokwa na damu, ukiumwa kichwa kikali, ukiona maluelue, mtoto akipunguza kucheza au chupa ya uzazi ikipasuka, ondoka wakati huohuo, hata kama begi halijakamilika.