Kubadilisha Waya wa Eksileta Uliokatika kwenye Volkswagen Kombi

Huku kwetu Malindi, waya wa eksileta wa Kombi hauishi kwa uzee peke yake. Huharibiwa na mambo mawili: unyevu wa chumvi unaoingia katika bomba lake chini ya sakafu, na ufungaji mbaya kwenye kabureta, ambao huufanya uendelee kuvutwa hata baada ya kilango cha kabureta, yaani kile kinachofunguka kuruhusu hewa kuingia katika injini, kufika mwisho wa safari yake. Anayenunua waya mpya na kuupitisha kwa haraka bila ya kuyashughulikia mambo hayo mawili hatakaa muda mrefu kabla ya kuukata tena.

Maelezo haya yanahusu Kombi zenye kioo kimoja kikubwa cha mbele, zilizoundwa Ujerumani kuanzia mwaka 1967 hadi 1979, na hasa zile zenye injini ya 1600 ya kupozwa kwa hewa na kabureta moja. Zile zenye kabureta mbili zina fimbo ya kuzifungua zote kwa pamoja, na urekebishaji wake ni kazi nyingine kabisa.

Hatua ya kwanza: kuthibitisha ugonjwa

Zima injini, fungua mlango wa injini ulio nyuma, kisha mwombe mtu akanyage pedali taratibu nawe ukiutazama mkono wa kabureta, ule unaovutwa na waya ili kukifungua kilango. Pedali ikishuka bila uzito na mkono usijongee, waya umekatika au umechomoka. Mkono ukijongea lakini usirudi pedali inapoachiwa, tatizo ni waya uliokwama, springi iliyochoka, au kilango chenyewe kilichoganda, na hakuna haja ya kununua chochote kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo. Kwa kawaida waya hukatika kwenye kitanzi chake cha mbele, kwenye kibanio kinachoushika kwenye mkono wa kabureta, au ndani ya bomba. Ukikuta umekatika palepale kwenye kibanio, huku sehemu nyingine ikiwa bado inang'aa, basi tayari umeshajua kwamba kosa lilikuwa la ufungaji, wala si la kutu.

Hatua ya pili: kuinua gari kwa usalama

Ardhi ya mji wetu ni mchanga, na jeki iliyowekwa juu ya mchanga huzama upande mmoja bila ya kutoa taarifa. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki, zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, vuta breki ya mkono, ingiza gia, kisha uegemeze gari juu ya stendi za chuma kabla ya kuingia chini yake. Matofali ya matumbawe, ambayo ndiyo yaliyo karibu na kila nyumba, hupasuka ghafla yanapolemewa, kwa hiyo yasitumike hata kwa dakika chache. Chomoa waya wa betri na uhakikishe kwamba injini imepoa. Kwa kuwa utafanya kazi karibu na kabureta, pindapinda kwa vidole mipira ya petroli: wowote wenye nyufa ubadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu petroli inayovuja juu ya injini ya moto imeziteketeza Kombi nyingi.

Hatua ya tatu: kutoa waya wa zamani

Anza nyuma. Legeza skrubu ya kibanio na uuchomoe waya kutoka kwenye mkono wa kabureta. Kibanio ni kipande kidogo cha mviringo kinachoanguka kwa urahisi na kupotelea kwenye mabati ya injini, basi kiweke mahali salama mara moja. Waya hupita katika kijibomba kilichomo ndani ya nyumba ya feni, ukapenya bati la mbele ya injini, kisha ukaingia katika bomba refu linalokwenda chini ya sakafu mpaka mbele.

Nenda mbele, ufungue bamba lililo chini ya sehemu ya dereva. Hapo utauona mkono unaosukumwa na pedali, na kitanzi cha waya kikiwa kimeshikwa kwa pini. Toa kotapini, yaani kipini chembamba kinachoizuia pini isichomoke, chomoa pini, na uzikague zote mbili. Pini iliyolika upande mmoja itakikereza kitanzi kipya pia.

Kama waya umekatika mbele kwenye kitanzi, au kama bado una urefu wake karibu wote, usiuvute kwanza. Funga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki kwenye ncha yake ya nyuma, uzungushie utepe ili fundo lisikwame, halafu uuvute waya kutokea mbele. Waya utatoka, na mshipi utabaki ndani ya bomba ukiungoja waya mpya. Mshipi wenyewe haukosekani katika mji wa wavuvi. Ikiwa waya umekatikia katikati ya bomba, itabidi kila kipande kivutwe upande wake.

Hatua ya nne: kusafisha bomba

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Weka waya wa zamani mezani na uusome: mahali palipo na kutu nyekundu ndipo maji yanapoingilia, na mahali palipong'aa upande mmoja ndipo unaposuguana na bomba. Kutu ikiwa karibu na ncha ya nyuma, mara nyingi utakuta kwamba mpira wa kuzuia vumbi kwenye mwisho wa bomba umechanika au haupo, na kwamba mchanga unaorushwa na magurudumu umekuwa ukiingia moja kwa moja.

Mimina mafuta ya taa kidogo kutoka upande ulioinuka, yaache yalainishe uchafu, kisha upulize kwa kompresa mpaka hewa itoke safi upande wa pili. Chini ya bomba weka chombo cha kukingia, maana kinachotoka ni uji mweusi wenye mchanga. Kama ulitangulia kupitisha mshipi, funga kwake kipande chembamba cha kitambaa na ukivute mara kadhaa, ukiacha mshipi wa pili nyuma yake kila mara. Usitie grisi katika bomba ambalo bado lina mchanga, kwani utakuwa umetengeneza msasa. Badilisha mpira wa vumbi sasa, kabla ya waya kurudi.

Hatua ya tano: kupitisha waya mpya

Pima waya mpya ukiulinganisha na wa zamani, pamoja na kipande kilichokatika, wala usitegemee maandishi ya pakiti. Urefu unazidi mita 3, na waya za miaka tofauti hazilingani. Wapo wanaounga waya wa breki ya baiskeli kwa kibanio katikati. Huo ni mzigo mwingine, kwa sababu kiungo hakipiti katika bomba.

Paka grisi waya wote kwa kitambaa, safu nyembamba tu, kisha uuingize kutokea mbele huku ukiuzungusha polepole kwa vidole na msaidizi akiuvuta mshipi nyuma. Ukikwama, rudisha kidogo na uzungushe tena. Kuulazimisha huupinda, na waya uliopindika hukatikia palepale. Upenyeze katika kijibomba cha nyumba ya feni, kisha rudisha kitanzi, pini na kotapini mpya huko mbele.

Hatua ya sita: kufunga kwenye kabureta

Hapa tulia. Kwanza hakikisha kibanio kinazunguka kwa wepesi ndani ya tundu lake. Kisipozunguka, waya utapindwa kila pedali inapokanyagwa, na nyuzi zitakatika mmoja mmoja. Tandika zulia la sakafu kama linavyokaa siku zote, kwa sababu unene wake hubadilisha mwisho wa safari ya pedali. Msaidizi akanyage pedali mpaka sakafuni na aishikilie. Fungua mkono wa kabureta kwa kidole mpaka mwisho, uurudishe kidogo ili ibaki nafasi ya milimita 1 hivi kabla ya kizuizi chake, halafu ukaze skrubu huku ukikishika kibanio kwa koleo ili usiupinde mkono.

Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayouokoa waya: mguu wa dereva huishia sakafuni kabla ya kilango kugonga kizuizi. Bila ya nafasi hiyo, nguvu yote ya mguu hubebwa na waya na kibanio. Pedali ikiachiwa, mkono urudi mpaka mwisho na waya ubaki na ulegevu kidogo. Kata ziada, uache sentimita 3 hivi.

Hatua ya saba: kujaribu

Kabla ya kuwasha, kanyaga na kuachia pedali mara nyingi ukisikiliza kilango kinavyojifunga. Kisha rudisha waya wa betri, uwashe, uendeshe barabara ya kuelekea daraja la Sabaki wakati magari ni machache. Injini ikibaki juu baada ya kuachia pedali, kanyaga klachi, zima swichi bila ya kuchomoa ufunguo ili usukani usijifunge, na uegeshe kando.

Baada ya safari chache, ikaze tena skrubu ya kibanio, maana waya mpya hubonyea kidogo. Kwa anayekwenda Mokowe kupitia Garsen, waya wa akiba uliozungushwa kwa duara pana chini ya kiti ni wa lazima. Nimewahi kuona kamba ikitolewa kwenye kabureta, ikapitishwa dirishani na kukabidhiwa utingo avute kila dereva anapopiga kelele. Gari lilifika, lakini dereva na utingo hawakuwa wakisemezana.