Bekapu ya restic kwenye NAS ya nyumbani, na kosa la jina lililonipotezea siku mbili

Shemeji yangu anapiga video za harusi, send-off na kipaimara. Ofisi yake ni chumba kimoja cha nyumba yao Majengo, hapa Moshi: kompyuta ya kuhariri, rauta, na NAS (sanduku la diski linalofikika kwa mtandao wa ndani) ya Synology DS220+ yenye diski mbili za TB 4. Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani, anaweza kuwa na kazi tatu kwa wiki, na kila kazi inakula GB 200 hivi.

Siku aliponiita alikuwa amefuta folda ya kipaimara cha watu, na alishangaa kuikosa kwenye diski zote mbili. "Si ulisema ziko mbili, shemeji?" Ziko mbili, ila zimefungwa kwa RAID 1. Unachofuta kwenye moja kinafutika kwenye nyingine sekunde hiyohiyo. RAID inakusaidia diski ikifa, basi. Folda tuliikuta kwenye #recycle, pipa la taka la NAS, tukapumua, na jioni ileile tukaanza kufunga bekapu ya kweli.

Jinsi ya kuwasha SSH (njia ya kuandika amri kwenye NAS ukiwa kompyuta nyingine) na kuweka Container Manager, programu ya kuendesha kontena, sielezi, ni kubonyeza tu. Kama DSM yako, yaani mfumo endeshi wa Synology, bado haijafika 7.2, programu hiyo utaikuta kwa jina la Docker.

Hatua ya 1: diski mbili za nje

Nunua mbili za USB. Sisi tulichukua za TB 5, zile ndogo zisizohitaji waya wao wa umeme. Moja inakaa kwenye NAS, nyingine inakaa Sakina, Arusha, kwa dada yangu, na zinabadilishana kila mwezi. Moto, mwizi au radi ya Moshi haiwezi kufika kilomita 80 kwa siku moja.

Zote mbili zifomati kwa ext4 kupitia Control Panel, External Devices. Usiache exFAT iliyokuja nayo dukani. ext4 huandika kwanza daftari la kile inachotaka kubadilisha, hivyo umeme ukikatika katikati ina pa kuanzia kujirekebisha. exFAT haina daftari hilo. Na kama huna UPS (betri ya akiba ya umeme), weka kwanza hela ya UPS ndipo urudi kusoma.

Mtu ataniuliza kwa nini nisipeleke kila kitu mtandaoni. Piga hesabu: TB 2 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni siku 18 na ushee, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Coaster ya Arusha ina kasi zaidi.

Hatua ya 2: programu

Synology wana Hyper Backup, ni ya bure na inafanya kazi. Mimi natumia restic, programu ya bekapu ya kuandikiwa amri, nikiiendesha ndani ya kontena la Docker. Siku NAS ikifa, nachomeka diski kwenye laptopu yoyote ya Linux, naweka faili moja la programu, naandika nenosiri, na video ziko mbele yangu. Hyper Backup nayo ina programu yake ya kufungulia kwenye kompyuta, lakini sipendi bekapu inayotegemea aliyeniuzia kifaa.

Hatua ya 3: folda, nenosiri na hati ndogo

Tengeneza folda hizi kabla ya yote: `/volume1/docker/restic/cache`, `/volume1/rudisha`, na `ghala` ndani ya diski ya USB, humo ndimo restic itakapoweka bekapu. Andika nenosiri kwenye faili `/volume1/docker/restic/siri`, ulifunge kwa `chmod 600`. Nenosiri hilohilo liandike kwenye karatasi, karatasi ikae pamoja na hati ya kiwanja. restic inasimba kila kitu, na ukilipoteza hakuna wa kumpigia simu.

Kisha andika hati hii, uiite `r.sh`, ndani ya `/volume1/docker/restic`:

```
#!/bin/sh
/usr/local/bin/docker run --rm \
  --hostname nas-majengo \
  -v /volume1/kazi:/data:ro \
  -v /volumeUSB1/usbshare/ghala:/repo \
  -v /volume1/docker/restic/cache:/root/.cache/restic \
  -v /volume1/docker/restic/siri:/siri:ro \
  -v /volume1/rudisha:/rudisha \
  -e RESTIC_REPOSITORY=/repo \
  -e RESTIC_PASSWORD_FILE=/siri \
  restic/restic "$@"
```

`/volume1/kazi` ndiyo folda ya video. Ile `:ro` mwisho wa mstari wake usiitoe. Inamaanisha bekapu inasoma tu, haiwezi kugusa video zenyewe hata ikichanganyikiwa. Ukimaliza, anzisha ghala:

`sudo sh r.sh init`

Hatua ya 4: jina la mashine

Mstari wa `--hostname` kwenye hati hapo juu mwanzoni sikuuweka. Miongozo mingi niliyoisoma haina mstari huo, na bila huo kila kitu kinaonekana kinakwenda vizuri. Bekapu ya kwanza, TB 2.1, ilianza saa tatu usiku ikaisha kesho yake mchana. Ya pili nilitarajia dakika chache, maana restic haihifadhi mara mbili kitu ilichonacho. Ikachukua usiku mzima. Ya tatu vilevile. Shemeji akaanza kulalamika kwamba asubuhi akifungua kazi NAS inajikokota.

Nilimlaumu kila mtu isipokuwa mimi. Nikabadilisha waya wa USB. Nikailaumu prosesa ya Celeron ya hiyo DS220+. Nikazima mgandamizo, kwa kuwa video haigandamiziki zaidi ya ilivyo. Hakuna kilichobadilika. Wiki ya tano ndiyo iliyonishtua: diski ya TB 5 ilikuwa imebakiza GB 40, wakati niliagiza zibaki bekapu za siku 7 na za wiki 4 tu, na shemeji alikuwa ameshafuta kazi nyingi ambazo wateja walishachukua.

Jibu lilikuwa kwenye amri ambayo ningeanza nayo siku ya kwanza:

`sudo sh r.sh snapshots`

Kwenye safu ya Host, kila mstari ulikuwa na jina lake: herufi na tarakimu 12 zisizoeleweka, na kila usiku tofauti. Kontena linapozaliwa bila kupewa jina, Docker hulipa namba yake kuwa jina la mashine, na kwa kuwa tunatumia `--rm`, inayofuta kontena likimaliza kazi, kila usiku linazaliwa jipya. Kwa restic hiyo ilikuwa kama kompyuta mpya kila siku.

Madhara yake ni mawili. La kwanza, restic hutafuta snapshoti (rekodi ya bekapu moja) iliyopita ya mashine ileile na folda ileile ili ijue faili gani hazijabadilika. Isipoipata, inasoma upya kila faili kuanzia mwanzo. Haiandiki mara mbili, lakini kusoma TB 2 ni kusoma TB 2. La pili ndilo baya: `forget`, amri ya kuondoa bekapu za zamani, nayo huzigawa snapshoti kwa makundi ya mashine na folda, kisha inatumia kanuni zako ndani ya kila kundi. Kundi lenye snapshoti moja halina cha kufutwa. Kila usiku ilikuwa inaniambia inabakiza moja, nami nikawa sisomi.

Kama umeshaingia kwenye shimo hili, weka kwanza jina kama nilivyofanya hapo juu, halafu safisha za zamani mara moja:

`sudo sh r.sh forget --group-by paths --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --dry-run`

`--dry-run` inaonyesha tu itakachofuta. Soma orodha yote. Ukiridhika, iondoe na uweke `--prune` mahali pake, ndiyo inayofuta data yenyewe na kurudisha nafasi. Angalia na haya:

Usisubiri diski ijae kabisa, kwa sababu hata `forget` inahitaji kuandika kufuli lake (alama kwamba kazi inaendelea) kwenye ghala. Nafasi ikiwa ndogo, ongeza `--max-repack-size 0`, ili prune iondoe tu mafungu ya data yasiyotumika hata kidogo, bila kupanga upya mengine.

Usiku wa kwanza baada ya kuweka jina, bekapu itasoma kila kitu tena, maana jina nalo ni jipya. Kuanzia wa pili, yetu ilishuka hadi chini ya dakika 10 siku zisizo na kazi mpya.

Jina likishawekwa usilibadilishe. Na njia ya `/data` pia usiibadilishe, kwa sababu ni nusu nyingine ya kundi.

Hatua ya 5: ratiba

Task Scheduler, mtumiaji root, saa 01:00, yaani saa saba usiku. Kinachoendeshwa:

```
set -e
cd /volume1/docker/restic
sh r.sh unlock
sh r.sh backup /data --exclude '@eaDir' --exclude '#recycle'
sh r.sh forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --prune
```

`unlock` iko pale kwa ajili ya umeme. Ukikatika wakati wa prune, kufuli linabaki na kila bekapu inayofuata inagoma. Amri hii huondoa kufuli lililokufa tu. Ukiona mtu anakushauri uongeze `--remove-all` kwenye ratiba, mkatalie. Hiyo huvunja hata kufuli la kazi inayoendelea. Washa barua pepe ya taarifa pale tu hati inaposhindwa. Ukitumiwa kila siku, baada ya wiki hutazifungua.

Hatua ya 6: rudisha kitu

`sudo sh r.sh restore latest --target /rudisha --include /data/jina-la-folda`

Fungua video, iangalie hadi mwisho, ukiwa na mwenye mali pembeni. Shemeji alichagua kipaimara kilekile kilichotutoa jasho.

Diski ya Arusha inapokuja, bonyeza Eject kwenye DSM kabla ya kuchomoa iliyopo. Ya pili nayo ni lazima uiendeshee `init` yake mara ya kwanza, nenosiri likiwa lilelile na folda ikiitwa `ghala`, ili hati isiguswe. Kabla ya bekapu ya usiku huo endesha `sudo sh r.sh check --read-data-subset=5%`, uone kama imesalimika na mashimo ya barabarani.